Msamaha Uliotoka Berlini

Gilbert Mukhwana ana sauti mbili, na hadi leo mkewe anadai kwamba aliolewa na ile isiyofaa. Ya kwanza ndiyo anayoagizia chai na kuitikia wakubwa: nyembamba, ya puani, yenye tabia ya kuanza sentensi na kuiacha njiani. Ya pili aliipata Kimilili, katika kibanda cha video kilichoegemezwa ubavuni mwa kinu cha kusagia mahindi. Humo alikuwa akitafsiri filamu za kigeni kwa watazamaji walioketi juu ya magunia, na kwa kuwa kinu hakikuwahi kunyamaza kwa heshima ya sanaa, ilimbidi asikike kupita mashine. Sauti iliyokomaa humo ni nzito, ina mvumo, na haina shaka juu ya jambo lolote duniani.

Neno "kutafsiri" linatumika hapa kwa kukosa jingine. Gilbert hajui Kichina wala Kihindi, na Kiingereza anakijua kiasi cha kusoma maelezo ya dawa ya kikohozi. Katika vibanda vya namna ile kazi ya mtafsiri haikuwa kueleza waigizaji wanasema nini, bali wangesema nini kama wangezaliwa Kimilili. Masharti ya ufundi huo ni mawili, na wote waliowahi kuufanya huyataja kwa maneno yaleyale: lazima awepo stelingi, ambaye hafi, na lazima awepo adui, ambaye hana mama. Mengine yote ni mapambo.

Aliyetangulia kuondoka nyumbani ni mkewe, Metrine, aliyepata kazi ya ndani Jeddah, katika mtaa wa Al-Safa. Gilbert aliutangazia ukoo kwamba mwanamume haachwi nyuma namna hiyo, akatafuta wakala, na wakala akamhakikishia kwamba Riyadh na Jeddah ni pale na pale. Akapelekwa Riyadh, kulinda mlango wa jengo la ofisi huko Olaya. Kati ya wanandoa hao pana jangwa ambalo basi hulivuka kutwa nzima, makafili wawili, yaani waajiri wadhamini, wasiofahamiana, na siku za mapumziko zisizokutana. Wanaishi nchi moja jinsi namba mbili zinavyoishi ndani ya simu moja.

Ili mke asijutie kufuatwa, Gilbert alianza mapema kumweleza ukubwa wa kazi yake. Nafasi yake ilikuwa mbele ya lifti. Kila mwenye cheo katika jiji, alisema, lazima apite hapo, na watu wanaposubiri lifti husema mambo ambayo hawayasemi hata nyumbani kwao. Sheria mpya, ndoa za matajiri, nani ataanguka na nani atapanda: yote hayo Gilbert huyasikia kabla ya magazeti. Metrine aliyapokea maelezo hayo kwa miaka mingi bila kuyapinga, na jambo hilo Gilbert alilihesabu kuwa heshima.

Ijumaa Gilbert huenda Manfuha, mtaa mwingine wa Riyadh, chumbani kwa Hezron, mtu wa kwao anayefanya vibarua vya ujenzi na ambaye ikama yake, kibali cha ukaazi, ilikufa zamani. Wengi wanaokusanyika hapo wana hali kama yake: walitoka kwa makafili wao kwa sababu mbalimbali, na sasa wanatembea mjini kwa kukwepa pembe fulani za barabara. Hezron ana televisheni kubwa iliyopasuka kona, na Gilbert huiunganisha na simu, akasimama kando yake na kurudia ufundi wake wa kale, na humo wanamwita Dijei. Kwa muda alikuwa pia na ukurasa wake mtandaoni, hadi wenye filamu walipolalamika na ukurasa ukafungwa. Hezron ndiye aliyepata dawa. Maktaba moja ya ng'ambo ilikuwa imeweka hadharani filamu za habari za mwaka wa mwisho wa vita vikuu vya pili, na yeyote aliruhusiwa kuzitumia.

"Hizi hazina mwenyewe," Hezron alisema. "Hata waliokufa humo hawatakushtaki, Dijei."

Filamu za habari zilikuwa vipande vifupi vilivyoonyeshwa sinemani kabla ya filamu yenyewe. Picha nyingi zilipigwa bila sauti. Maneno yaliongezwa baadaye na mtangazaji aliyekaa katika chumba chenye zulia, mbali sana na mabomu. Mabwana hao walikuwa na sauti zilizopakwa mafuta. Wakimwona mkimbizi akivuta mkokoteni, walisema anaitazama kesho kwa matumaini. Wakiona majeruhi kwenye machela, walisema ari iko juu. Askari wa Afrika Mashariki waliokuwa Burma walipewa nafasi ya kutosha kucheka mara moja, kisha wakaondolewa ili kupisha mashindano ya farasi. Kwa hiyo Gilbert alipozima sauti ya mtangazaji na kuweka yake, hakughushi kitu chochote. Alirithi kazi.

Taabu ilikuwa moja: filamu za habari hazina stelingi. Majenerali huingia na kutoka, umati hupunga mkono, na hakuna mtu anayeonekana mara mbili. Baada ya kutafuta sana, Gilbert alimpata mwanamke mmoja katika magofu ya Berlini, aliyesimama kwenye mstari wa wanawake wakipokezana ndoo za vifusi. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani, na kamera ilipompitia aliitupia jicho la mtu ambaye hana muda. Gilbert akampa jina la Eddah. Picha za wanawake wale ni za baada ya vita. Gilbert aliziunganisha mbele ya picha za Mei, wakubwa walipoketi mezani kutia saini, na hivyo Berlini ikaanza kufagiliwa kabla haijaanguka. Hakuna mtu Manfuha aliyelalamika. Wengi wao hufanya kazi katika nyumba zinazosafishwa kabla hazijachafuka.

"Huyu ni Eddah," ilisema sauti ya kinu. "Madam amemwambia wageni wanakuja alasiri. Nyumba ndiyo hii mnayoiona. Ukuta mafi, haupo. Dari mafi. Ngazi mafi. Madam anapita na kidole juu ya tofali, anasema, Eddah, hili vumbi ni la nini?"

"Na bado atamuuliza kama amepiga pasi," alisema mwanamke mmoja kutoka nyuma.

"Amepiga. Anatafuta pa kutundika."

Walicheka hadi jirani akagonga ukuta. Akaja jenerali mwenye kifua kilichojaa medali, akashuka garini.

"Huyu ni kafili," Gilbert akaendelea. "Vita vyote hivi amevipigana akiwa amekaa."

"Muulize pasipoti za watu ziko wapi," alisema Hezron.

"Hizo medali unazoziona, Hezron, ndizo pasipoti."

Kisha ikaja meza ya saini. Wanaume wenye nyuso za mawe waliketi, kalamu ikatembea, karatasi zikasogezwa. Hapo Gilbert alihitaji mwisho unaomfaa Eddah, na mwisho ukamjia bila kumwomba ruhusa.

"Sikilizeni nyote mlio majumbani na mlio mafichoni. Kafili ameweka kalamu chini. Kuanzia Ijumaa hii inayokuja, kila aliyekimbia ajitokeze. Hataulizwa ikama. Hataulizwa alilala wapi. Atapewa huruj yake mkononi na tiketi ya ndege. Halas. Vita vimekwisha."

Huruj ni ruhusa ya kuondoka nchini moja kwa moja, na mwenye kuiomba kwa niaba ya mfanyakazi ni kafili wake. Katika chumba kile neno hilo lilitua kama mkate. Lakini lililoleta balaa halikuwa huruj; lilikuwa Ijumaa. Hakuna Ijumaa katika picha zile. Kimilili, kila onyesho lilimalizika kwa kutangaza filamu ya Ijumaa inayokuja, na ulimi wa Gilbert, uliozoea kufunga kila kitu kwa siku hiyo, uliibandika juu ya anguko la Ujerumani.

Hezron alirekodi. Hakurekodi picha, kwa sababu picha inakula bando. Alirekodi sauti peke yake, na alianza akiwa amechelewa, baada ya Eddah, baada ya vumbi, baada ya medali. Alichokituma kwenye grupu kilianza na "Sikilizeni nyote" na kuishia na "Vita vimekwisha", maneno ambayo watu waliyaelewa kuwa namna ya kusema. Kesho yake Gilbert aliipokea sauti hiyo akiwa lindoni, kutoka kwa mtu asiyemfahamu wa Dammam, ikiwa na maelezo mafupi: imetoka ubalozini. Kwa kauli yake mwenyewe, aliisikiliza hadi mwisho, akafurahi sana, akaanza kuwaza zawadi za kupeleka nyumbani, na ndipo alipojitambua.

Ingekuwa kichekesho tu kama isingefika Al-Safa. Mkataba wa Metrine ulikuwa umekwisha, na huruj yake ilikuwa ndani ya simu ya mwajiri wake, ikingoja kubonyezwa. Baba wa nyumba alikuwa ameahidi kuibonyeza baada ya Ramadhani, halafu baada ya shule kufungwa, halafu baada ya harusi ya binti mkubwa. Metrine alipaswa kungoja ndani ya nyumba. Angetoka kabla ya ruhusa hiyo, angeripotiwa kuwa ametoroka, na aliyeripotiwa hivyo hupita kwanza kizuizini kabla ya kuiona ndege, ikiwa ataiona. Hayo yote Metrine aliyajua kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana simu yake ilimtoa Gilbert jasho.

"Baba Valary, nimesikia. Ijumaa natoka."

"Umesikia nini?"

"Msamaha. Begi nimeshafunga, liko nyuma ya mashine ya kufulia."

"Mama Valary, ile sauti ni mimi."

"Najua ni wewe. Kwani nimeolewa na nani?"

"Basi kama unajua ni mimi—"

"Si ulisema wakubwa wote wa Olaya wanapita kwa lifti yako? Si ulisema unasikia mambo kabla ya gazeti? Umesikia, ukaogopa kusema wazi, ukaficha ndani ya sinema. Nimemwambia Laban, leo ndiyo siku ya kwanza bwana yangu ametumia akili."

Laban ni dereva wa nyumba ile, mtu wa Webuye, ambaye kwa kawaida hahitaji kuambiwa jambo mara mbili wala kuombwa kulisambaza.

Gilbert hakuwahi kusifiwa na mkewe kwa kiwango hicho, na ili kumwokoa ilimpasa airudishe sifa yote. Ukweli ni kwamba mbele ya lifti ile hakuwahi kusikia chochote zaidi ya salamu, neno yalla la kuhimizana, na sauti ya lifti yenyewe ikitaja orofa. Alianza sentensi, akaiacha. Akaanza nyingine.

"Metrine, mimi sijui Kiarabu."

"Hivyo hivyo," Metrine alisema kwa upole. "Endelea kujifanya hujui. Simu zinasikilizwa." Akakata.

Gilbert alifanya lililo sahihi, na akalifanya kwa sauti isiyo sahihi. Alijirekodi akisema taratibu kwamba ile ilikuwa filamu, kwamba hakuna msamaha uliotangazwa, kwamba watu wasitoke tafadhali. Akamtumia Hezron, naye akaicheza mbele ya watu chumbani Manfuha. Maoni yalitolewa papo hapo.

"Hiyo si sauti yake."

"Ni yake, lakini kuna mtu amekaa karibu naye."

"Umesikia vile amesema tafadhali? Dijei lini alisema tafadhali?"

"Ameshikwa huyo. Tumwombee."

Siku ya pili Gilbert alimpigia Hezron ili angalau mmoja aliyekuwepo aseme alichokiona. Hezron alikubali kila kitu: kwamba alikuwepo, kwamba aliona makoti marefu na kofia za Kizungu kwenye televisheni yake mwenyewe, kwamba yeye ndiye aliyerekodi. Alikubali pia kwamba begi lake lilikuwa tayari mlangoni.

"Sasa begi la nini, Hezron?"

"Nilikuwepo, ndiyo. Lakini nikiisikiliza kwenye simu, inaonekana ni kweli."

Jibu hilo lilimfundisha Gilbert jambo ambalo mabwana wa filamu za habari walilijua zamani na wakalipwa kwalo. Hakuna aliyemwamini Gilbert. Walichoamini ni ile sauti, na sauti ile haikuweza kuomba radhi. Iliweza tu kutangaza. Akarudi kwenye maktaba ya ng'ambo na kuchimba vichwa vya habari kwa Kiingereza chake cha dawa ya kikohozi, na huko akakutana na tarehe ambazo hakuzitarajia. Vita vilikwisha Ulaya mwezi Mei. Upande wa Mashariki viliendelea hadi Agosti, na karatasi yake ikatiwa saini Septemba. Historia, ambayo haikuwahi kumnufaisha mtu yeyote katika ukoo wa Mukhwana, hatimaye ilimpa kitu cha kushika.

Akachukua kipande cha Burma: mvua, nyumbu, mto wa rangi ya chai, na askari wa Afrika Mashariki wakivuka wakiwa na matope hadi kiunoni. Picha hizo zilipigwa mwishoni mwa mwaka uliotangulia, si wakati ambao Gilbert aliziweka. Kosa hilo ni dogo ukilinganisha na lililokuwa likisahihishwa.

"Marekebisho ya habari," ilinguruma sauti ya kinu, na mara hii alihakikisha mwenyewe kwamba sauti inasambazwa bila picha. "Amani iliyotiwa saini ni ya Ulaya. Ulaya peke yake. Sisi tuko Mashariki. Wako vijana wetu hapa kwenye matope. Kuna mtu amewaambia vita vimekwisha? Hakuna. Mnawasikia wakicheka? Wanacheka kwa sababu wanapigwa picha. Kila mtu abaki kwenye shimo lake. Atakayetoka Ijumaa ataangukia mikononi mwa adui, na adui hana mama."

Mabegi ya Manfuha yalifunguliwa siku ileile. Hakuna aliyeshangaa sana.

"Nilijua tu," alisema yule mwanamke wa nyuma. "Kitu kizuri lazima kianzie Ulaya."

"Lakini kitafika," alisema Hezron.

"Kikifika nitakuwa nimezikwa."

Gilbert alimaliza zamu yake akiwa na fahari ya mtu aliyezuia msiba, akingoja simu ya shukrani kutoka Jeddah. Simu ilikuja.

"Gilbert."

Mwanamume aliyeoa kwa muda mrefu anaijua tofauti kati ya Baba Valary na Gilbert.

"Nani alikutuma?" Metrine aliuliza. "Nani alikutuma kurekebisha?"

Alichokieleza Metrine kinathibitishwa na Laban katika mambo yote ya msingi. Uvumi wa msamaha ulikuwa umezifikia nyumba za Al-Safa kwa njia ya madereva. Madam alisikia kwamba wafanyakazi wa mtaa mzima wangeondoka Ijumaa, wiki chache kabla ya harusi ya bintiye, akaenda chumbani akalia. Baba hakuamini msamaha wowote. Yeye husoma magazeti. Lakini aliamini kwamba Metrine ameamini, na hilo lilimtosha. Aliyepewa karatasi hatoroki, alimwambia mkewe. Tumpe ruhusa sasa, ataondoka baada ya harusi akiwa ametulia, nasi tutakuwa tumetulia. Akaketi sebuleni, kwenye majlisi, akavaa miwani, akamwita mwanawe amkumbushe neno la siri la simu. Metrine alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Ndipo Laban alipoingia na gunia la mkaa wa ubani begani, akiwa na habari mpya kabisa.

"Baba," alisema Laban kwa Kiarabu chake, "halas, msamaha mafi. Ulaya bas."

Baba alimtazama, akacheka kwa muda mrefu, akaitia simu mfukoni na kusema kwamba basi, baada ya harusi, inshallah, tutaona.

"Kidole kilikuwa hapa," Metrine alimwambia mumewe. "Hapa. Umemaliza vita miaka yote ya Mungu na ndoo zako, siku moja tu ambayo kuvimaliza kuna faida, unavirudisha."

"Ulisema utatoka nje. Nilikuwa nakuokoa."

"Ndiyo, ningetoka. Nani alijua mzee ataogopa mapema? Sasa rudisha."

"Nirudishe nini?"

"Msamaha."

Katika maisha ya Gilbert yanayojulikana, hii ni mara ya kwanza alipoombwa kusema uongo akakataa. Alisema kwamba Manfuha wangetoka tena, kwamba Hezron angekuwa wa kwanza, na kwamba wangechukuliwa wote kwenye magari ya polisi huku wakimtaja Dijei kwa shukrani. Metrine akauliza swali ambalo mtunza nyaraka yeyote angelianzia.

"Baba alisikia kwa nani?"

"Si umesema Laban."

"Basi usiutangazie umma. Mtangazie Laban."

Filamu ya tatu ilitengenezwa kwa ajili ya mtazamaji mmoja, nayo ndiyo pekee ambayo Gilbert aliandikiwa maneno. Aliirekodi katika chumba cha mifagio huko Olaya, wakati wa chakula, mkewe akiwa kwenye simu ya pili akisahihisha. Picha ilikuwa ya Septemba: meli ya kivita, meza iliyotandikwa kitambaa, wageni waliovaa kofia ndefu nyeusi kama wanaokwenda kuzika.

"Usitaje Manfuha," alisema Metrine. "Sema Jeddah. Sema wa kazi za ndani waliomaliza mkataba. Usiseme Ijumaa."

"Lazima niseme siku."

"Utasema siku tukienda kwa Mungu. Na madereva waambie wabaki."

"Kwa nini? Si Laban naye ni mtu wa nyumbani?"

"Laban akijua na yeye anatoka, atafunga mdomo na kufunga begi. Akijua ameachwa, atamwambia Baba kabla wali haujapoa."

Gilbert alisita hapo. Anasema alisita, Metrine anasema alikohoa. Vyovyote vile, alisema alichoambiwa. Mashariki nayo imetia saini, ilitangaza sauti ya kinu. Wafanyakazi wa ndani wa Jeddah waliomaliza mkataba wako huru kwenda. Madereva wabaki kazini hadi amri nyingine.

Metrine aliicheza jikoni, simu ikiwa imeegemezwa kwenye birika, Laban akiwa mezani na sahani yake. Laban aliacha kutafuna.

"Madereva hadi lini?"

"Hajasema."

"Rudisha nyuma kidogo."

Metrine akarudisha. Laban aliisikiliza tena, uso karibu na kioo, akiwatazama wale wenye kofia ndefu kana kwamba mmoja wao angeinua kichwa na kumtaja.

"Hawa wote wamekaa hapo," alisema, "na hakuna aliyekumbuka dereva."

"Pole, kaka."

"Nani anaendesha hii nchi? Si sisi?"

Akainuka, wali ukiwa bado unatoa moshi, akaenda moja kwa moja kwa Baba kumwambia kwamba msamaha umerudi, ila ni wa wanawake tu, na kwamba si haki. Baba, ambaye mara hii hakuita mwana, alikumbuka neno la siri mwenyewe. Ruhusa ikatoka kabla ya sala ya alasiri. Metrine aliombwa na Madam, kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia, abaki hadi harusi ipite, naye akabaki, akabeba masinia, akapiga pasi magauni ya ukoo mzima, akapewa manukato. Kisha akaenda zake. Gilbert aliyemfuata mkewe hadi nchi ile yuko Olaya bado, mbele ya lifti, na mkewe yuko Kimilili.

Laban ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege. Kuhusu safari hiyo maelezo mawili hayapatani. Metrine anashikilia kwamba alimweleza Laban kila kitu, tangu ndoo za Berlini hadi chumba cha mifagio, na kwamba alimwomba msamaha, akitumia neno hilohilo. Laban anasema abiria wake alilala njia nzima mdomo wazi, akaamka kwenye mzunguko wa mwisho na kuuliza kama begi lake dogo liko nyuma. Alipomshusha ndipo alipouliza yeye swali lake kuhusu madereva, na jibu analolikumbuka ni kwamba amwulize Gilbert.

Anamwuliza. Kila wiki Gilbert hupokea ujumbe kutoka Jeddah unaotaka kujua kama amri nyingine ya madereva imetoka. Mara ya kwanza alijibu kwa kirefu na kwa unyoofu wote aliojaliwa. Alisema hakukuwa na amri, hakukuwa na msamaha, lifti haisemi kitu, zile ni picha za watu waliokufa na maneno ni ya Metrine. Alisema pole. Alitumia sauti yake mwenyewe, kwa sababu alitaka aaminiwe.

"Nimekuelewa, Dijei," Laban alimjibu. "Hao waliokaa karibu nawe wakiondoka, utaniambia."